Samaki Huyu Amekufa

Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila ninapoisimulia jioni ile hujikuta nikisema "walimkatiza yule mama", kana kwamba waliomkatiza walikuwa watu wengine.

Ilikuwa Ijumaa, saa moja na nusu usiku, katika ukumbi mmoja hapa Kisumu. Mazungumzo ya wazi, hakuna kiingilio: sanaa na sayansi ya ziwa letu. Mchoraji alikaa upande mmoja wa meza, mtafiti wa samaki upande wa pili, nami mwalimu wa Biolojia katikati, nikiwa nimeombwa niongoze. Nyuma yetu ilitundikwa michoro kumi na miwili ya fulu. Samaki anayelala kwenye kiganja cha mkono, hapa alikuwa na urefu wa mlango, kila gamba limechorwa peke yake.

Zilibaki dakika nne. Nyuma kabisa akasimama mama mmoja wa umri wa nyanya, leso kichwani, karai lililofungwa kwa kitambaa likiwa chini ya kiti chake. Alikuwa ametoka kuuza moja kwa moja. Hakungoja kuletewa maikrofoni.

"Mimi nauza samaki tangu nikiwa msichana," alisema. "Nauliza tu. Huyu mliyemchora, mbona amekufa?"

Ukumbi ukacheka, kicheko cha upole. Mchoraji akainamisha kichwa. Mimi nikatazama saa.

"Asante sana mama, hayo ni maoni mazuri. Tuchukue swali la mwisho kutoka hapa mbele."

Hapa mbele palikuwa na kijana aliyetaka kujua mchoro mmoja unauzwa pesa ngapi.

Binti yangu alikuwa amekaa safu ya pili akinisubiri. Ndani ya tuktuk hakusema neno. Tulipofika nyumbani, akiwa anafungua geti, aliniambia bila kugeuka:

"Mama, yule nyanya hakutoa maoni. Aliuliza swali."

## Kupumzisha akili

Nilijitetea kwa wiki tatu. Muda ulikwisha. Mlinzi alishaanza kufunga madirisha. Mama mwenyewe alicheka pamoja na wengine, labda alikuwa anatania tu.

Kisha Jumapili moja nikaisikiliza rekodi niliyokuwa nimeiwasha kwenye simu, nikiitafuta sauti yake. Kabla sijaifikia nikakutana na yangu. Mtafiti alikuwa amemaliza dakika zake arobaini. Mchoraji alikuwa amepangiwa kumi. Nami nikamkaribisha hivi: "Haya, sasa tupumzishe akili kidogo kwa sanaa."

Nikairudisha nyuma, nikasikiliza tena.

Kupumzisha akili.

Najua maneno yale yalianzia wapi. Nilipokuwa Kidato cha Pili tulichagua masomo. Kalamu yangu ya risasi ilijulikana shule nzima. Nilikuwa nimechora moyo wa ng'ombe uliopasuliwa, vali zote zikionekana, na mwalimu akaupitisha darasa hadi darasa. Ratiba ilinitaka nichague kati ya Fizikia na Sanaa. Mwalimu mwingine, ambaye bado namheshimu kwa mengi, aliniita pembeni. "Wewe una kichwa," aliniambia. "Sanaa tuwaachie wale ambao hesabu imewakataa." Nikaiacha siku hiyo hiyo, na nikajiona nimesifiwa.

Leo nafundisha Biolojia na kila muhula nasahihisha michoro ya wanafunzi. Mistari isikatike. Hakuna kutia kivuli. Mistari ya majina isipishane. Ukuzaji uandikwe. Rangi haitakiwi. Nimewafundisha mamia ya watoto wa ziwani kuchora samaki wa kijivu, na sikuwahi kuona ajabu.

Mchoro wa mistari una kazi yake, sibishi. Unamfundisha mtoto kutofautisha pezi la mgongo na pezi la tumbo, unamkataza kuficha uvivu wa jicho nyuma ya kivuli kizuri. Lakini ukichora hivyo mwaka baada ya mwaka, unaishia kuamini kwamba samaki hukamilika kwanza, halafu rangi hupakwa juu yake kama pambo.

Nami nimekulia karibu na ushahidi wa kinyume. Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980, na mtoto yeyote wa hapa aliyewahi kupelekwa huko na shule anamkumbuka yule simba aliyemparamia nyumbu. Niliogopa kweli, nikamshika mwenzangu mkono. Aliyeifanya ngozi ile iwe mnyama ilibidi ajue ni msuli upi hukaza simba anaporuka na ni upi hulegea. Bila ujuzi huo, simba ni mto uliojazwa pamba. Bila mkono wa msanii, ni mifupa yenye lebo.

Na kule kisiwani Mfangano, waliochora zile duara nyekundu na nyeupe kwenye miamba, duara ndani ya duara, ambazo wazee wa Abasuba wanazihusisha na mambo ya mvua, walijua udongo upi unashika jiwe na haufutiki upesi. Sidhani kuna aliyewaambia kwamba wanapumzisha akili.

## Mwanga wa chungwa

Sasa alichosema mtafiti, maana bila hicho uzito wa swali la mama hauonekani.

Spishi za fulu katika Ziwa Victoria zimehesabiwa kuwa zaidi ya 500. Ziwa lenyewe lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa upya. Kwa hiyo samaki hawa wamegawanyika mamia kwa mamia katika muda ambao kwa ardhi ni kama jana. Wamewezaje?

Sehemu kubwa ya jibu ni rangi. Jike humchagua dume kwa rangi yake. Spishi mbili zinaweza kufanana umbo, zikaishi kwenye mwamba mmoja, na kinachozizuia kuchanganyika ni kwamba madume wa huku ni wa buluu na wa kule ni wekundu. Mfano unaojulikana zaidi uko upande wa Mwanza, nao una majina ambayo yalimfanya binti yangu apige makofi: Pundamilia pundamilia, wa buluu, anayekaa maji ya juu, na Pundamilia nyererei, mwekundu, anayekaa chini kidogo. Ndiyo, jina la kisayansi ni neno letu la Kiswahili, kwa sababu ya milia yao. Na huyo wa pili amepewa jina la Mwalimu Nyerere.

Maji huchuja mwanga. Kwenye ziwa lenye tope na mwani, mwanga wa buluu huisha mapema, na kadiri unavyoshuka unabaki na wa manjano, wa chungwa, mwekundu. Huko chini dume wa buluu ni kivuli tu, na mwekundu anang'aa. Hata macho yao yanatofautiana: ya wale wa chini yameelekea zaidi kwenye wekundu.

Wakati mtafiti anaeleza jaribio la Ole Seehausen na Jacques van Alphen, alizima taa za ukumbi. Hao wawili, wa Chuo Kikuu cha Leiden kule Uholanzi, waliwaweka majike na madume wa aina zote mbili kwenye matangi. Chini ya mwanga mweupe, kila jike alimwendea dume wa kwao. Wakabadilisha mwanga ukawa wa chungwa mtupu, ambao ndani yake buluu na nyekundu hazitofautiani. Majike wakapotewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998. Mwaka uliotangulia, wao wawili pamoja na Frans Witte walikuwa wameonyesha katika jarida la Science kwamba jambo hilo hilo linatokea ziwani: maji yanapochafuka, rangi za fulu hufifia na idadi ya spishi hupungua.

Mtafiti alituacha gizani kidogo kabla hajaiwasha taa.

Sote tumezoea kumlaumu mbuta, yule sangara mkubwa, na kweli ana kesi ya kujibu. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, akalipuka kwa wingi miaka ya 1980, na spishi zipatazo 200 za fulu zinadhaniwa kutoweka. Lakini tope halihitaji kumla hata samaki mmoja. Udongo unaoteremka na mto Nyando, mbolea za mashamba, majitaka ya miji yetu, vyote vinalisha mwani na kuyafunga maji. Fulu wanabaki hai, wanazaana, ila hawajuani tena. Baada ya vizazi kadhaa, aina mbili zimekuwa moja na hakuna mzoga wowote ulioelea.

Kisha akapitisha kifaa kutoka mkono hadi mkono: sahani ya duara iliyopakwa nyeusi na nyeupe kwa robo, imefungwa kamba yenye alama. Sahani ya Secchi, kwa jina la Angelo Secchi, padri wa Kiitaliano na mwanafalaki, aliyetumia sahani nyeupe ya namna hii mwaka 1865. Unaishusha majini hadi jicho liipoteze, unasoma kamba. Kipimo kinachotumika duniani kote mpaka leo kinategemea macho ya mtu na rangi mbili.

Niliishika mkononi usiku ule. Nikampa jirani, nikatazama saa.

Ilinichukua wiki tatu kuunganisha. Ikiwa rangi ndiyo inayomfanya fulu huyu awe huyu na si yule, basi kumchora kwa rangi isiyo yake si kosa dogo la urembo. Umechora samaki mwingine, au samaki asiyekuwepo kabisa. Mama alikuwa ameuliza swali la kisayansi kuliko yote ya usiku ule, na alimuuliza mchoraji.

## Chupa

Nilimpigia mchoraji simu. Nilidhani nitampoza.

"Alisema kweli," akanijibu kabla sijamaliza. "Nilingoja aulize tena. Hukumpa nafasi."

Akanieleza alivyofanya kazi. Alikuwa ameazimwa chupa za spiriti zenye fulu waliohifadhiwa miaka mingi. Wiki sita akihesabu magamba, miiba ya mapezi, meno. Umbo lilikuwa sahihi, mtafiti mwenyewe alilipitia. Lakini samaki wa kwenye chupa ana rangi ya chai iliyopoa. Spiriti huyeyusha wekundu na manjano. Hizo rangi fulu hajitengenezei mwenyewe, huzipata kwenye chakula, na zinatoka kwenye ngozi yake kama zilivyoingia, taratibu. Kwa hiyo mchoraji alijazia kwa picha za vitabuni, na picha nyingi zilipigwa samaki akiwa ameshalala mezani.

"Nilichora maiti nikaipaka mafuta," aliniambia. Alinyamaza kidogo. "Na watu walizipenda."

Baadaye mtafiti alinithibitishia kwamba hilo ni tatizo la siku nyingi. Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyekuwa Jinja, Uganda, miaka ya 1950 akizitambua spishi nyingi za fulu, alijua kwamba rangi za samaki hai lazima ziandikwe mapema, maana baadaye kwenye rafu hazitakuwepo. Na aina nyingi zilitoweka kabla hazijapata mtu wa kuziangalia zikiwa hai. Mifupa yao tunayo. Rangi zao, kile kilichowafanya wao kwa wao wajuane, hatuna.

Siku hiyo sikula chakula cha mchana. Nilikaa kwenye chumba cha walimu na rundo la michoro ya kijivu mbele yangu.

## Ukimvua, anavua

Sikujua jina la yule mama wala anauzia wapi. Nilianza na ufuo wa Dunga kwa sababu ndiko ninakojua. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, mashua zikiingia, ukungu bado umekaa juu ya mafunjo, akina mama wamesimama na makarai wakingoja bei. Nikaulizauliza. Wa tatu aliniambia, "Yule aliyeenda kwa mambo ya picha? Yuko kule kwa moto."

Alikuwa anakaanga. Aliniangalia, akaniangalia tena.

"Ni wewe mwenye saa."

Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha.

"Msamaha wa nini, mwalimu? Kaa. Uliza unachotaka kuuliza, mafuta yangu yasiungue."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu saa mbili. Alikulia Uyoma. Utotoni walikuwa wanavua fulu kwenye mawe kwa ndoano ndogo na minyoo, wasichana na wavulana, jioni baada ya kuchota maji. Alinieleza mmoja mwenye mgongo wa kaa la moto, mwingine mweusi tii ambaye ukimgeuza juani unaona kijani. Alinieleza jike anayebeba watoto mdomoni: ukimbana mashavu anawatema kiganjani, wadogo kama mbegu za nyanya, wenye macho. Ukimrudisha majini haraka, wanamfuata wanaingia tena mdomoni.

"Na ile rangi?" nikauliza. "Inakaa muda gani?"

Akamgeuza ngege kwenye mafuta.

"Fulu anatoka majini na nguo zake. Pumzi kumi, kumi na mbili, ameshazivua. Ukimvua, naye anavua." Akacheka mwenyewe kwa jinsi maneno yalivyokaa. "Kwa hiyo yule wenu nilimjua. Yule ni wa sokoni. Jicho limelala, na hapa kwenye shavu hakuna kitu. Aliye hai hapa pana maneno."

Aliligusa shavu lake mwenyewe, chini ya jicho.

Nilikuwa nimekuja na sahani nyeupe ya bati kutoka jikoni kwangu, nimeitoboa na kuifunga kamba. Sikuwa na hakika kwa nini niliibeba. Mama aliona inachungulia kwenye mfuko akaniuliza ni ya nini. Tukaenda hadi mwisho wa mashua iliyofungwa, nikaishusha. Sahani ikawa ya manjano, ikawa ya kahawia, ikapotea. Nilipoipima kamba haikunifika kutoka ncha za vidole hadi bega.

Akainama akayatazama maji, mikono kiunoni.

"Wewe sahani nyeupe kubwa hivi umeipoteza," alisema. "Na unataka jike amwone dume?"

Sikuwa nimemweleza habari za jaribio la Leiden. Nilirudia kichwani kama alikuwa amesikia ukumbini. Labda alisikia, alikuwepo tangu mwanzo. Lakini mtafiti alizungumzia taa na matangi, na huyu alikuwa anazungumzia alichokiona kikibadilika kwa miaka hamsini, maji ambayo utotoni aliona miguu yake ndani yake na sasa haoni.

Hapo shaka yangu ikahamia mahali pengine. Nilikuwa najilaumu kwa kutoiheshimu sanaa. Sasa niliona meza ile ilikuwa na viti viwili wakati ilihitaji vitatu, na cha tatu sikukikosa kwa bahati mbaya. Tulipopanga jioni ile tulijiuliza nani ataeleza na nani atapendezesha. Hakuna aliyeuliza nani amewaona.

## Chungu

Tulikutana wanne, watano na binti yangu, nyuma ya kibanda cha mama, Jumamosi mbili baadaye. Mtafiti alikuja na daftari na kipimajoto. Mchoraji alikuja na rangi za maji na karatasi ndogondogo. Turubai aliziacha nyumbani. Mjukuu wa mama alikuwa ametangulia kwenye mawe na ndoano, akarudi na kidumu chenye fulu watatu wanaoogelea.

Mchoraji alikuwa amejitayarisha vizuri. Alitoa beseni jeupe la plastiki, safi, ili mwanga uwe mzuri. Tukammimina mmoja. Alikuwa na buluu ubavuni alipotoka kwenye kidumu, niliiona. Ndani ya beseni akapauka mbele ya macho yetu, kama karatasi inayofifia juani, ila kwa nusu dakika.

"Umempeleka sokoni tayari," mama akasema.

Aliingia kibandani akatoka na chungu, kile cha udongo kilichoiva kikawa cheusi, akakijaza maji ya ziwa. Akamhamisha yule fulu. Halafu akamwongeza wa pili.

"Weka wawili. Dume akiwa peke yake anavaa nguo kwa ajili ya nani?"

Akafunika kwa gunia bichi. Tukangoja. Alituuzia chai kwa bei ya kawaida, na mtafiti alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, kwamba kila neno la mama lina maelezo yake. Ngozi ya fulu ina seli za rangi, na ndani yake chembe nyeusi, nyekundu, manjano zinazoweza kutawanyika au kukusanyika katikati. Akiogopa, mishipa ya fahamu inaamuru, chembe zinakusanyika, rangi inaondoka. Akiwa juu ya kitu cheupe anapauka ili asionekane. Juu ya cheusi anakoza. Ile buluu si rangi ya kupakwa kabisa; ni vijisahani vya fuwele ndani ya ngozi vinavyorudisha mwanga wa buluu, na kilicho cheusi nyuma yake ndicho kinachoifanya ionekane. Dume asiye na mpinzani hufifia, aliye na eneo la kulinda huwaka.

"Nimeandika mambo haya," alisema. "Sijawahi kutumia chungu."

Baada ya kama nusu saa mama akalifunua gunia upande mmoja, polepole, kivuli cha mwili wake kikiwa juu ya maji.

Mmoja alikuwa amejibanza ukutani mwa chungu, wa kijivu. Yule mwingine alikuwa katikati. Siwezi kumwelezea kwa maneno ninayofundishia. Mgongo ulikuwa na wekundu unaoshuka ubavuni ukiwa manjano, milia imekoza, midomo ina buluu, na kwenye pezi la chini madoa mawili ya chungwa, duara, yenye ukingo, kama mayai ya fulu yaliyochorwa na mtu mwenye brashi ya unywele mmoja. Chini ya jicho ulikuwa umeshuka mstari mweusi hadi kwenye kona ya mdomo. Pana maneno, mama alisema. Nimewapasua fulu maabara miaka kumi na minne. Mstari ule nilikuwa sijawahi kuuona.

Fomu ya binti yangu ya kuchagua mkondo wa Gredi ya 10 ilikuwa mezani nyumbani asubuhi ile, haijajazwa: STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi ya Jamii, Sanaa na Michezo. Nilikuwa nimeshamtayarishia hotuba. Sasa alikuwa amepiga magoti kando ya chungu akihesabu dakika kwa sauti, na hotuba yote ilinitoka.

Mchoraji hakumchora samaki. Alipaka vipande vya rangi tu, kipande kimoja kwa kila sehemu ya mwili, haraka, akichanganya kwenye kifuniko cha kopo, na mtafiti akiandika namba kando ya kila kipande pamoja na saa. Makwar, yaani mwekundu kwa Kijaluo, mama alisema kuhusu mgongo, lakini si ule wa kwako, huo ni wa nyanya. Mchoraji akaongeza manjano. Akaongeza kahawia. Mama akatikisa kichwa, akamwonyesha kaa lililokuwa linazimika pembeni mwa jiko. "Ule. Ukiwa na majivu juu yake." Mchoraji akaliangalia kaa, akaangalia chungu, akachanganya upya.

"Dakika ya tano," binti yangu akasema.

Ubavu ulianza kufifia. Mchoraji alikuwa amefika kichwani. Mama aliinama juu ya bega lake akaitazama karatasi, kisha samaki, kisha karatasi.

"Hapa umeruka," alisema akiweka kidole chini ya jicho. "Mstari."

Mchoraji akachovya brashi kwenye nyeusi na kugeukia chungu. Mstari ulikuwa umeshapauka. Yule wa kijivu alikuwa amesogea.

"Dakika ya sita."

Sote tulimwangalia mama. Akalivuta gunia juu ya chungu.

"Funika rangi zako zisikauke," alimwambia mchoraji. "Tungoje avae."